Subira Isiyovuta Heri: Nimesoma "Ghosts of the Tsunami"

Kuna sentensi utaikuta karibu kila habari ya maafa: wananchi wameupokea msiba kwa subira. Huwa tunaipita tu. Richard Lloyd Parry amenifanya nisimame hapo, maana kitabu chake kizima kinagombana na sifa hiyo.

Parry ni Mwingereza, mwandishi wa gazeti la The Times aliyeishi Tokyo miaka mingi. Kitabu kilitoka 2017, na kinahusu tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, iliyoua watu zaidi ya 18,000 kaskazini mashariki mwa Japani. Lakini hakimbilii idadi hiyo. Anaketi na shule moja tu ya msingi, Okawa, kando ya mto Kitakami, karibu kilomita 4 kutoka baharini.

Na hapo ndipo anapokushika shati. Saa 8 na dakika 46 mchana ardhi inatikisika. Shule haianguki. Watoto wanatolewa nje, wanapangwa uwanjani, wanahesabiwa. Nyuma yao kuna kilima. Wanangoja karibu dakika 50, walimu wakijadiliana, huku baadhi ya wanafunzi wenyewe wakiomba wapande juu. Kati ya watoto 78 waliokuwa pale, 74 walikufa, pamoja na walimu 10 kati ya 11.

Mwongozo wa dharura wa shule ulisema wakimbilie kiwanja kilicho wazi, au bustani ya karibu. Kipi? Haukutaja. Yaani nchi yenye kuta za bahari, ving'ora na mazoezi kila mwaka, watoto wake wakaponzwa na mstari mmoja ulioandikwa ili karatasi ijae. Parry hapigi kelele hapa, anakuwekea tu mambo mezani, na ndiyo maana inauma.

Kisha inakuja mikutano ya wazazi na maofisa wa elimu. Kwangu mimi hizi ndizo kurasa bora kuliko zote. Maofisa wanainama, wanaomba radhi kwa lugha laini, ila maelezo waliyoandika walipowahoji watoto walionusurika yameshatupwa. Wazazi walitarajiwa wanyamaze, kama watu wastaarabu. Wazazi wa watoto 23 wakaenda mahakamani.

Sehemu ya mizimu, iliyokipa kitabu jina, imenigawa. Kasisi wa Kibuddha anayewatuliza watu waliopandwa na roho za waliozama anavutia kweli, na msomaji wa pwani yetu hataona ajabu yoyote. Ila kila tunaporudi kwake, kesi inapoa. Halafu kuna wazazi waliokataa kushtaki. Parry anawapitia haraka mno. Nilitaka kuwasikia: kukaa kimya kijijini, ambapo jirani yako ndiye mjane wa mwalimu, si lazima kuwe woga.

Ukikisoma leo, kumbuka kesi iliendelea baada ya kitabu kuchapwa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Sendai ilisema kosa lilianza kabla ya siku ile, kwenye maandalizi na ule mwongozo wenyewe, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya nchi ikaacha hukumu isimame. Jengo la shule bado lipo, limehifadhiwa, kuta zimepasuka. Na kilima kipo palepale nyuma yake.