Wasiwasi si upungufu wa imani: kumsoma al-Balkhi tukiwa Uvira



Kwetu Uvira, mtu akisema halali usiku na moyo unamdunda, anapewaka jibu moja: "Ongeza sala, hauna imani." Mimi nilisoma agronomia, si saikolojia, lakini mahindi yakigeuka manjano hatuyagombezi, tunaangalia kama udongo umekosa azoti.

Ndiyo maana nimependa kitabu cha Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, kuhusu afya ya mwili na nafsi. Sehemu ya nafsi ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan, ikatoka 2013. Kwa al-Balkhi, nafsi inaugua kama mwili unavyougua. Anatenganisha hasira, woga, huzuni na wasiwasi, kila kimoja na matibabu yake. Anashauri mtu akiwa mzima aweke akiba ya mawazo mema, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya homa. Na anayeogopa kitu akizoee kidogo kidogo, asikikimbie. Halafu tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwomba Mungu amkinge na wahaka na huzuni. Sasa nani atasema wahaka ni wa wasio na imani?

Lakini kuna mahali namkosoa. Anasema vitu vingi tunavyoogopa havina madhara tunayoyadhania. Umwambie hivyo mama wa Mulongwe, ambaye tangu mafuriko ya Aprili 2020 anaamka kila mvua inaponyesha? Mto ulibeba nyumba na watu kweli. Woga wake una kazi: unamfanya ahamishe watoto mapema. Mawazo mema peke yake hayajengi kingo za mto.

Kwa hiyo, tukisoma kitabu hiki huku kwetu, tutenganishe mambo mawili. Woga wenye sababu iliyo mbele ya macho unadai kingo, miti kwenye milima ya juu yetu, na mahali salama pa kuhamia. Woga unaobaki hata mvua ikiisha na watoto wakiwa salama, huo ndio unahitaji shauri la al-Balkhi, sala, na mhudumu wa afya pia. Sala na matibabu havigombani.

Ndugu yako akikuambia halali, usianze na hukumu. Muulize: unaogopa nini, na ilianza lini?