Paulo Alikwenda kwa Miguu

Mtu wa Lusenda, katika nchi ya Fizi, hana haja ya kufundishwa tofauti ya njia ya maji na njia ya nchi kavu. Ziwa Tanganyika liko mbele yake, na barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka inapita kwake. Mwenye nauli hupanda boti au gari. Asiye nayo hujitwika mzigo wake akatembea. Basi neno moja la Matendo ya Mitume, sura ya 20, aya ya 13, lamhusu sana.

Mtakatifu Luka aeleza kwamba yeye na wenzake walitangulia kwa merikebu toka Troa mpaka Aso. Paulo, aliyekuwa amehubiri usiku kucha, hakupanda pamoja nao. Hapo Luka atumia neno la Kigiriki *pezeuo*, nalo halionekani mahali pengine po pote katika Agano Jipya. Asili yake ni moja na neno la mguu. Lakini Wagiriki walilitumia pia kwa safari yo yote ya bara, ili kuitenga na safari ya baharini. Ndiyo sababu Biblia ya Kilatini, iitwayo Vulgata, ilichagua maana ya kusafiri kwa nchi kavu. Biblia ya Kiswahili ya Union, ya mwaka 1952, yasema “kwa miguu”.

Ipi ni bora? Ile ya Kilatini haina kosa. Walakini sisi twaipenda ya Kiswahili. Marko na Mateo watumia neno la shina lilo hilo wanaposimulia makutano waliomfuata Bwana wetu Yesu Kristu: Yeye alikwenda kwa chombo, nao wakazunguka ziwa kwa miguu. Tukisema “nchi kavu” kwa Paulo na “miguu” kwa makutano, msikilizaji hatatambua kwamba maneno hayo ni ndugu.

Lakini tuna neno kwa wanaohubiri. Luka asema tu kwamba Paulo mwenyewe aliagiza hivyo, sababu hakuitaja. Wengine wamejaza pengo: alitaka kusali peke yake, au aliogopa adui zake. Yawezekana; ila Maandiko hayasemi. Tena Paulo alichagua. Lusenda, tangu mwaka 2015, pana kambi ya wakimbizi wa Burundi. Mkimbizi hakuchagua safari yake. Tusimwambie mama aliyekimbia na mtoto mgongoni kwamba kutembea ni utakatifu kwa sababu Mtume alitembea. Neno *pezeuo* halibebi fundisho hilo, na kumtwika mama huyo fundisho hilo ni kumwongezea mzigo.

Afadhali tutazame yaliyotendeka mwisho wa njia. Paulo alipofika Aso, wenzake walimpokea chomboni. Makutano walipofika ng’ambo, Bwana hakuisifu miguu yao: aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha, wanaume 5,000. Basi wafasiri na waendelee kuandika “kwa miguu”, na wahubiri wasiongeze kitu juu yake. Nasi tuliofika kwa chombo, tukimwona mwenzetu anakuja kwa miguu, tumpokee kwanza. Habari za njia atatusimulia mwenyewe akishakula.