Kumpima Mwigizaji wa Pembeni: Mwongozo wa Mtazamaji

Nyota wa tamthilia hahitaji mwongozo wa kumtambua, kwani kamera humfuata yeye. Shughuli iko kwa yule shangazi, jirani au mwenye duka anayeingia kwa dakika tatu kisha akaondoka. Ukitaka jicho la kumpima, pita Marikiti, Mombasa, ukae karibu na muuza viungo, kisha ndipo urudi kwenye televisheni.

Mikono

Muuza viungo huviringa kipande cha gazeti, hutia hiliki, huweka mizanini, na muda wote huo anaulizana hali na mteja wa pili. Mikono yake haitazami. Basi mwigizaji anayecheza mama wa sokoni akiitafuta pilipili kwa macho kabla ya kuishika, jua hajazoea meza ile. Msamehe mengine, hilo usimsamehe.

Lugha

Bibi wa Mji wa Kale ana Kimvita chake. Mwigizaji akisema "ndoo" ya Kimvita sasa hivi, na punde "njoo" kwa mjukuu yuleyule, lahaja hiyo ameivaa kama buibui la kuazima. Afadhali abaki na lafudhi yake ya Nairobi tangu mwanzo hadi mwisho.

Kusikiliza

Hapa ndipo penye uzito. Wengi huigiza wakati wa maneno yao tu; mwenzao akisema, wao husubiri zamu. Mary Khavere, Mama Kayai wa kichekesho cha Vitimbi cha KBC, alicheza mke wa Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015. Ojwang ndiye aliyekuwa na vituko, lakini vituko hutaka mtu wa kuvipokea. Mzaha wa mume huchekesha pale mke anapoupokea kama jambo zito la nyumbani.

Marekani wana Margo Martindale, ambaye mwaka 2011 alipata tuzo ya Emmy kwa kumcheza Mags Bennett katika tamthilia ya Justified. Mags ana duka katika vilima vya Kentucky. Katika onyesho moja anammiminia jirani pombe ya kienyeji, na sumu imo tayari ndani ya glasi. Jirani anapokata roho, Mags anamshika mkono na kumbembeleza. Sauti haipandi. Huruma ile ni ya kweli, na ndiyo inayotisha.

Maisha ya kabla

Katika Vuta N'kuvute (2021), filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, mwimbaji wa Zanzibar Siti Amina anamcheza Mwajuma, anayempa hifadhi Yasmin. Kwa uhusika wa namna hii, jiulize: mgeni alipobisha hodi, mwenyeji alikuwa akifanya nini? Mwigizaji bora hukufanya uamini kwamba mgeni amekatiza jambo. Aliye dhaifu huonekana alikuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja kuitwa.

Jaribio la mwisho

Rudia onyesho, zima sauti, mwangalie yeye peke yake. Ukielewa anataka nini na anaficha nini, huyo amehitimu. Usipoelewa, hata machozi ndoo nzima hayamwokoi. Na aliyehitimu mfanyie haki yake: usibadilishe chaneli kabla majina hayajapita, kwa sababu la kwake huandikwa kwa herufi ndogo na hupita mbio.