Mwanamke Aliyeketi

Yako mazoea kwetu sisi waalimu ya kumrudishia mtoto picha yake na kumwambia, "Hujaijaza rangi." Twamsihi kila mwalimu aitazame kwanza picha ya Cicely Heron, iliyochorwa na Hans Holbein yapata mwaka 1527, ndipo alitamke tena neno hilo.

Ni karatasi moja tu, na juu yake chaki nyeusi na chaki za rangi. Holbein, Mjerumani aliyefika Uingereza mwaka 1526, alimchora binti huyu wa Sir Thomas More ili apate kielelezo cha picha kubwa ya jamaa nzima. Picha ile kubwa iliteketea kwa moto katika karne ya 18. Karatasi imesalia, nayo imehifadhiwa Windsor.

Usoni chaki imekwenda polepole, hata wekundu wa shavu waingia katika weupe pasipo mpaka. Lakini ukishuka mabegani, mkono wa fundi umekwenda mbio: mistari michache myeusi, na nguo imekwisha. Kamba za kifuani zimelegezwa, na wengi wamefahamu kwa hilo kwamba bibi huyu alikuwa mja mzito. Holbein hakulificha jambo hilo, wala hakulitangaza.

Wako wasemao kwamba haya ni maandalio tu, si kazi kamili. Sisi hatukubali. Tulifunika uso kwa kiganja, nguo ikawa michirizi mitupu. Tulipouondoa mkono, michirizi ile ile ikapata uzito wa mwili ulioketi. Kama nguo ingalipakwa rangi yote, uso ungalikuwa kitu kimoja miongoni mwa vitu vingi. (Vazi la kichwani, kwa kweli, halitupendezi: limesimama kama paa la nyumba. Lakini hayo ni mapambo ya zamani zile, si kosa la mchoraji.)

Macho yake hayatutazami. Yamegeuka kando, kama ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumbani. Baba yake alikatwa kichwa mwaka 1535, na mumewe, Giles Heron, akauawa mwaka 1540 kwa hukumu ya serikali. Ajuaye habari hizo huitafuta huzuni katika uso huu, asiione. Iko haya kidogo, na uchovu wa kuketi.