Kati ya Nyumba na Nyumbani: Tahakiki ya The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson

Msomaji anayeifungua riwaya ya Shirley Jackson, The Haunting of Hill House (1959), akitarajia kukutana na mzimu, ataifunga bila kuwa na hakika kwamba ameuona. Milango inagongwa usiku, maandishi yanatokea ukutani, baridi kali inakaa mlangoni pa chumba cha watoto. Lakini hatajwi marehemu yeyote kuwa ndiye mtenda. Wapo wasomaji wanaoliona jambo hili kuwa upungufu wa kisanaa. Tahakiki hii inadai kinyume chake: hofu ya riwaya hii haitokani na kiumbe kilichojificha, bali na umbali uliopo kati ya nyumba na nyumbani, umbali ambao Kiswahili huubainisha kwa kiambishi kimoja tu.

Dakta John Montague, msomi wa anthropolojia, anaikodi Hill House, jumba lililojengwa na Hugh Crain miaka 80 hivi kabla ya kisa kuanza, ili achunguze mambo yasiyoelezeka. Anaungana naye Luke, mrithi wa jumba, na wageni wawili: Theodora na Eleanor Vance. Eleanor ana umri wa miaka 32, na 11 kati ya hiyo ameitumia kumuuguza mama yake. Mama amefariki, naye sasa anaishi kwa dada yake na shemeji yake. Njiani kuelekea Hill House anayaona mambo mbalimbali, wakiwamo simba wa mawe mbele ya nyumba moja. Baadaye anamsimulia Theodora kuwa anayo makazi yake mwenyewe, yenye simba hao. Huo ni uongo, lakini ni uongo wa mtu anayejijengea makao kwa vitu alivyoviokota barabarani.

Kwa upande wa lugha, jambo la kwanza la kuzingatia ni nafasi ya jumba katika sentensi. Tangu aya ya kwanza, Hill House inazungumziwa kama kitu chenye akili, tena akili isiyo timamu. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi alama ya kubainisha iwapo kiima kina uhai. Kiswahili hakimpi mfasiri mwanya huo: ni lazima achague kati ya i- na a-. Katika ngano zetu, kitu kilichopewa utu huweza kupewa pia upatanisho wa viumbe hai, na mfasiri anaweza kushawishika kufuata njia hiyo. Kwa maoni yangu, atakuwa ameiharibu kazi. “Nyumba ilimngoja” inatisha kwa sababu kipatanishi kinasisitiza kuwa hiki ni kitu, ilhali kitenzi kinadai nia. Mgongano huo ungejirudia katika kila kitenzi, nao ndio mgongano ambao Jackson anaukusudia anapokataa kuamua iwapo jumba lina uhai.

Jambo la pili ni zito zaidi. Maandishi ya ukutani yanamtaja Eleanor kwa jina na kumhusisha na kurudi nyumbani. Nyumbani kupi? Kimofolojia, jibu linaonekana rahisi: nyumba ikiongezwa -ni. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili anapotaja anakotoka hasemi “kwangu” bali “kwetu”, hata akiwa peke yake. Makao ya mtu, katika sarufi yetu, yana wenyewe, nao ni wengi. Eleanor hana kwao. Anapomwomba Theodora amfuate kwake, anakataliwa. Linalobaki likimtaka ni jumba tu. Msiba wake ni kuichukua nyumba akaifanya nyumbani bila “sisi” wa kuikamilisha. Ndiyo maana, anapofukuzwa, anaona afadhali aliendeshe gari lake hadi kwenye mti kuliko kuondoka.

Ulinganisho na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla unafaa hapa. Riwaya hizo mbili zilichapishwa kwa kupishana mwaka mmoja, nazo zinauendea mzimu kwa njia zinazokinzana. Bwana Msa anatumia mantiki, na hofu ya mzimu inaishia katika uhalifu wa binadamu. Montague naye ana daftari na vipimo, lakini maelezo yake, kama lile kwamba pembe za jumba zimepinda kidogo, hayaifuti hofu. Aidha, neno “mzimu” hutaja roho na pia mahali panapofanyiwa matambiko. Maana hii ya pili ndiyo inayoisawiri Hill House: si nyumba yenye mizimu, bali nyumba ambayo yenyewe ni mzimu.

Riwaya haikosi dosari. Kuingia kwa Bi. Montague na ubao wake wa kuzungumza na mizimu kunaleta kichekesho kinachoilegeza taharuki mahali ilipostahili kukazwa. Hata hivyo, dosari hiyo haiudhoofishi msingi wa kazi. Methali yasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Eleanor alifungua, akaingia, akapata kila kitu isipokuwa watu wa kumwezesha kusema “kwetu”. Mfasiri atakayeileta riwaya hii katika Kiswahili hana haja ya kuihofia sarufi yetu. Hofu ya Jackson tayari ina makao ndani yake.