Keki ya Mwezi na Swali la Mtoto

Ndugu zangu waandishi chipukizi, mtu anayetaka kumrithisha mtoto sikukuu za utotoni mwake ampe nini? Ampe utamu peke yake, au na uchungu wake? Swali hili nimelipata kwa waandishi wawili wa Marekani, Amy Tan, ambaye wazazi wake walitoka China, na Grace Lin, ambaye wazazi wake walitoka Taiwan. Wote wawili wameandika juu ya Sikukuu ya Mwezi ya Kichina.

Sikukuu hiyo huwa siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao, mwezi ukiwa mpevu. Sisi wa Pwani Idi yetu tunaingojea kwa mwezi mwandamo, mwembamba kama ukucha. Wenzetu wanangoja ujae kabisa. Tena Idi yetu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, lakini Wachina miaka mingine huongeza mwezi wa 13, ndiyo maana sikukuu yao haitoki nje ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Usiku huo watu hutazama mwezi, watoto hubeba taa, na huliwa keki ya mwezi: ya duara, ndani imejazwa mbegu za yungiyungi au maharage mekundu yaliyopondwa, mara nyingine na kiini cha yai la bata la chumvi, manjano kama mwezi wenyewe. Wakubwa huwasimulia wadogo habari za Chang'e, mke wa mpiga mishale Houyi, aliyekunywa dawa ya kutokufa akapaa mpaka mwezini akabaki huko.

Nianze na Tan. Katika riwaya yake ya The Joy Luck Club (1989), mama mmoja mtu mzima, Ying-ying, anakumbuka sikukuu hiyo alipokuwa na miaka minne tu. Amevalishwa hariri, anapelekwa kwenye mashua katika ziwa Tai. Yaya wake amemwambia kwamba Bibi wa Mwezini husikiliza haja za siri, lakini pia kwamba mtoto wa kike hafai kutaja haja zake. Basi jamani, mtoto huyo anachafua nguo kwa damu ya samaki na kasa wanaochinjwa nyuma ya mashua, anavuliwa, anaachwa peke yake, anatumbukia majini, anavuliwa na wavuvi kwa wavu. Baadaye anaona mchezo wa kuigiza wa Bibi wa Mwezini, anamkimbilia ampe haja yake, kumbe Bibi mwenyewe ni mwanamume aliyejipamba! Haja aliyokuwa nayo ni kupatikana tu.

Mwaka 1992 Tan aliitoa hadithi hiyo upya kama kitabu cha watoto, The Moon Lady, michoro ikiwa ya Gretchen Schields. Sasa msimulizi ni nyanya akiwasimulia wajukuu wake watatu, na katika kisa ana miaka saba. Fani imebadilika kidogo, lakini dhamira imebadilika sana. Mtoto anayesoma anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba nyanya alipona, maana si huyo hapo anaongea! Katika riwaya huna hakika hiyo. Mama yule amezeeka na bado hajui kama kuna mtu aliyewahi kumpata, hata binti yake mwenyewe. Kwa maoni yangu hofu imewekewa blanketi. Simlaumu Tan, kwani mtoto lazima alale usiku. Ila kuna kitu kimelipiwa hapo.

Lin kapita njia nyingine. A Big Mooncake for Little Star (2018), kilichopata heshima ya Caldecott mwaka 2019, si ngano ya kale. Kaitunga mwenyewe. Mama na binti yake, wote wamevaa nguo nyeusi za kulalia zenye nyota, wanaoka keki kubwa ya mwezi. Mama anaiweka angani ipoe, anamkataza mtoto asiiguse mpaka aambiwe. Usiku mtoto anaamka, ananyata, anamega kidogo. Kesho tena. Keki inapungua kama mwezi unavyopungua, na makombo yake yanakuwa nyota. Mama akigundua hashangai. Wanakwenda kuoka nyingine.

Mhakiki mkali atasema: Chang'e yuko wapi? Iko wapi China? Kweli, ndani ya hadithi hamna hata moja. Lakini mimi nasema Lin kashika kitu ambacho wengi wetu hukipoteza. Sikukuu ya mtoto haitokani na maelezo. Inatokana na kungojea chakula ambacho umekatazwa kukigusa. Kurasa zake za mwanzo na mwisho zinakumbusha makusudi jiko la mama na mtoto katika Blueberries for Sal cha Robert McCloskey (1948), kitabu cha Kimarekani kabisa. Yaani kamwingiza mtoto wa Kichina jikoni bila kubisha hodi.

Nilikiazima kitabu hicho, nikamsomea mpwa wangu wa miaka minne, natafsiri papo hapo. Alicheka kwelikweli pale Nyota Mdogo anaponyata. Tulipofika kwenye makombo akanyamaza, akaniuliza, "Anko, mama yake hatampiga?"

Wee acha tu. Sikuwa na jibu. Maana na mimi nilikuwa na sinia langu la visheti, limefunikwa kawa, mkesha wa Idi. Nilimega. Nilichapwa mpaka mgeni akaja kuamulia. Miaka miwili iliyopita niliandika hadithi fupi juu ya usiku huo, na watu wakaisifia kwa harufu ya iliki. Fimbo niliikata. Nilijiambia kwamba haifai kwa watoto, kumbe nilikuwa namwonea haya marehemu mama. Mpwa wangu hajaisoma, lakini swali lake lilijua kilichokatwa.

Hapo ndipo nilipowaelewa waandishi hawa. Utamu wa Lin si uongo, kwa sababu katazo liko pale pale, waziwazi. Kaamua tu kwamba mama wa kitabuni atajibu kwa namna nyingine, na mtoto anayesikiliza anaona kwamba namna hiyo inawezekana. Tan wa 1989 anaonyesha jeraha lenyewe. Wote wawili wanajua wanachofanya. Sisi tunaoandika pilau, nguo mpya na mnazi mmoja kama insha ya darasa la sita, hatukatai uchungu wala hatuuonyeshi. Tunaupita kama hatukuuona.

Kasoro ya Lin ni kwamba mtoto akifunga kitabu hana habari za Chang'e; mkubwa lazima amalizie kwa mdomo. Labda ndivyo ilivyokusudiwa.

Mimi mpwa wangu nilimjibu hivi: "Huyu hampigi. Wangu alinipiga." Akafikiri kidogo, akasema tusome tena. Hadithi ya visheti naiandika upya, na safari hii fimbo imo.