Bajeti Inayosoma Saa

Kwenye daftari letu la safari ya Orlando kuna mstari mmoja nilioupigia wino mwekundu: dola 41, kifimbo cha taa. Aliyenunuliwa kifimbo hicho ana miaka miwili na nusu. Kabla hatujafika kwenye gari alikuwa amelala fofofo, na taa za rangi zikawa zinazunguka peke yake ndani ya kigari chake. Naanza na mstari huo kwa sababu unaonyesha vizuri kuliko mingine bajeti yetu ilishika wapi na ikavuja wapi.

Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 7, na huyo mdogo. Tulitoka Houston kwa gari, tukapanga nyumba yenye jiko huko Kissimmee, kisha tukatumia siku nne ndani ya Walt Disney World, siku moja kwa kila bustani: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, Epcot ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Tiketi na malazi sivigusi hapa. Hivyo ukishalipa umelipa. Kinachoiangusha familia ni chakula na zawadi, maana hulipwa vipande vipande kutwa nzima, na mlipaji mwenyewe amechoka, ana joto, na kuna mtoto anamvuta suruali. Kwa mafungu hayo mawili tulitenga dola 1,200.

Somo la stendi

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ya kivivu: 1,200 gawanya kwa siku nne, dola 300 kila siku. Mama aliitazama, akairudisha mezani. "Mwanangu, hii haifiki siku ya pili."

Mama aliuza chapati na chai stendi kwa miaka mingi, na akanieleza kwa hesabu za huko. Basi la safari ndefu likiingia saa tano asubuhi, abiria wana dakika kumi na njaa ya tangu alfajiri. "Saa hiyo hakuna anayeniomba nipunguze. Saa nane stendi imepoa, chapati ileile naiuza kwa hasara na nyingine zinalala." Mnunuzi wa saa tano na wa saa nane wanaweza kuwa mtu mmoja, mwenye fedha zilezile mfukoni. Kilichobadilika ni saa.

Nikaichana rasimu. Badala ya kugawa fedha kwa siku, tukatafuta saa ambazo sisi ni abiria wa lile basi. Zilikuwa tatu. Saa tano asubuhi, njaa ya kwanza. Saa tisa alasiri, joto la Julai la Florida linapomvunja hata mkubwa. Na saa tatu usiku, fataki zinapokaribia, na njia ya kutokea imepita katikati ya maduka. Kila saa tukadhani tumeiamulia jambo lake tukiwa bado sebuleni Houston.

Saa tano: tumbo liamue likiwa limeshiba

Kanuni za Disney zinaruhusu mgeni kuingia na chakula chake na vinywaji visivyo na kileo, mradi hakuna chombo cha glasi na chakula hakihitaji kupashwa moto. Boksi la kubebea lisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18. Tangu Mei 2019, barafu ya vipande haipiti mlangoni. Hilo tulilizunguka kwa kugandisha chupa za maji na juisi usiku kucha: asubuhi zinapoza boksi, adhuhuri zinanyweka.

Kila usiku mama alikanda unga kwa tui la kopo, hamira, sukari na iliki, akaukata pembetatu na kuukaanga. Asubuhi maandazi yaliingia kwenye kopo la plastiki, na saa tano kamili kopo lilifunguliwa, popote tulipo, hata kama tuko kwenye foleni. Gharama yake ilimezwa na manunuzi ya dukani. Faida yake ilionekana saa saba, kwa kuwa tulifika kwenye mlo mkuu tukiwa na njaa ya kawaida, na mtu mwenye njaa ya kawaida husoma bei.

Mlo huo mkuu ulikuwa wa kaunta. Menyu na bei zinaonekana kwenye programu ya simu ya Disney, na migahawa mingi ya kaunta hupokea oda humo na kukupangia muda wa kuchukua. Sahani nyingi za mkubwa tulizokutana nazo zilikuwa kati ya dola 12 na 18. Tuliagiza mezani Kissimmee, chai ikiwa bado mkononi. Sahani ni kubwa, kwa hiyo mama na mke wangu waligawana moja karibu kila siku. Fungu hili lilibakiza chenji.

Wanaolala kwenye hoteli za Disney huweza kununua mpango wa chakula. Ule wa bei nafuu hutoa milo miwili ya kaunta na kitafunwa kimoja kwa kila mtu kwa kila usiku, pamoja na kikombe cha kujaziwa vinywaji hotelini, na kila aliyetimiza miaka 3 chumbani lazima ahesabiwe. Kwa familia iliyozoea kugawana sahani, hapo unalipia tumbo ambalo halipo.

Saa tisa: kiu, na mtego wa lugha yetu

Chupa ya maji ndani ya bustani ni karibu dola 4. Wanywaji watano, chupa nne kila mmoja, siku nne: chupa 80, dola 320. Zaidi ya robo ya bajeti nzima ingeondoka kwa maji matupu. Dawa yake haina gharama: kaunta inayouza soda za bomba itakupa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba. Tuliomba vikombe vingi mno, bila aibu.

Kwa vitafunwa tuliweka sheria ya kimoja kwa kichwa kwa siku, baada ya saa tisa tu. Aiskrimu yenye sura ya Mickey ni kama dola 6, na ikiliwa saa hiyo inatuliza hasira za familia nzima. Ikiliwa saa nne asubuhi, saa tisa wataitaka nyingine.

Sheria ilivunjika mara moja, na aliyeivunja ndiye mwalimu wake. Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, chenye mabango ya Kiswahili na kuta zilizochakazwa makusudi mithili ya mji wa kale wa pwani. Mama, aliyepita siku mbili bila kusoma bango hata moja, ghafla akawa msomaji. Akasimama mbele ya kibanda kiitwacho Tamu Tamu, akalisoma jina kwa sauti, akacheka, akawashika mikono wajukuu wawili. "Haya, hapa tumeitwa kwa jina." Walikuwa wamekwishakula zamu yao. Daftari linasema fungu la vitafunwa lilizidi dola 11, na sikuwa na moyo wa kuuliza risiti.

Mlo mmoja wa kukaa, na makosa yangu matatu

Tulipanga mlo mmoja wa bafe ambako wahusika wa katuni hupita mezani kupiga picha na watoto. Niliandika dola 60 kwa mkubwa na 40 kwa mtoto: wakubwa watatu, watoto wawili, mdogo bure. Jumla 260. Makosa yalikuwa matatu.

La kwanza, umri. Disney humhesabu mtoto kuwa wa miaka 3 hadi 9. Binti yangu wa miaka 11, ambaye nyumbani bado anakatiwa nyama, mezani pale ni mkubwa. Hesabu ikapanda hadi 280. La pili, kodi. Bei za menyu Marekani hazina kodi ya mauzo ndani yake, na Orange County, ziliko bustani hizo, kodi hiyo ni asilimia 6.5: dola 18.20. La tatu, bakshishi. Meza ya watu sita au zaidi huongezewa asilimia 18 moja kwa moja, na mdogo asiyelipiwa naye ana kiti: dola 50.40. Nililipa dola 348.60.

Kutokana na risiti hiyo nimepata kanuni mbili za mfukoni. Mlo wa kukaa, chukua bei ya menyu uongeze robo. Mlo wa kaunta, ongeza dola 7 kwa kila 100. Na kabla ya yote, soma miaka ya mtoto kama anavyoisoma muuzaji.

Zawadi ni mafungu mawili

Waingereza na Wamarekani huita kitu cha kujikumbushia safari kwa neno moja na kuliwekea fungu moja. Kwetu hesabu hiyo haitoshi. Kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge kuna duka liitwalo Zawadi Marketplace, na jina hilo linanichekesha, maana mnunuzi wake wa kawaida hujinunulia mwenyewe. Katika Kiswahili, zawadi ina mtu anayeisubiri. Mama alikuja na orodha ya watu 14 wa Tanga, na asingeweza kurudi mikono mitupu. Familia ya huku inayopanga fungu la watoto tu hujikuta siku ya mwisho ikinunua za nyumbani kwa bei ya mlangoni.

Kwa hiyo tukatenganisha. Fungu la watoto liliwekwa kwenye kadi za zawadi za Disney, dola 50 kwa binti na 50 kwa mvulana. Tulizinunua Target kwa kadi ya duka hilo inayopunguza asilimia 5, tukalipa 95. Unafuu ni mdogo. Nguvu ya kadi ni kwamba fedha ilihama mkono. Nilipokuwa mlipaji, kila kitu kilikuwa kizuri. Mvulana alipokuwa mlipaji, kile kifaa cha kupulizia mapovu alichokililia siku ya kwanza kiligeuka, siku ya tatu, kuwa "kitu cha kitoto". Sheria ya kadi ilikuwa moja: siku ya kwanza unatazama na kupiga picha tu.

Binti alipata somo gumu zaidi. Alichagua sweta yenye lebo ya dola 47.99, akaenda kaunta akiwa na 50, na mashine ikasema 51.11. Alinigeukia. Nikamwonyesha kodi kwenye skrini, dola 3.12. Alisimama pale kitambo, watu nyuma yake, kisha akairudisha sweta kwenye kiango na kwenda kutafuta nyingine. Ningeweza kumwongezea ile dola moja na senti 11. Lakini tangu hapo ndiye aliyekuwa akizidisha kwa 6.5 kabla sijafungua simu.

Zawadi za Tanga hatukuzinunua bustanini kabisa. Kwenye maduka ya punguzo ya Orlando kuna Character Warehouse, inayouza bidhaa za Disney zilizobaki. Siku ya tano tuliingia humo na orodha, tukatoka na fulana, vikombe na minyororo ya funguo, chini ya dola 10 kwa kila jina. Na vya bure vipo: vitambulisho vya bandiko vya Wilderness Explorers ndani ya Animal Kingdom, anavyovipata mtoto kwa kujibu maswali kuhusu wanyama na mazingira, na beji ya duara ya mgeni wa mara ya kwanza. Mama alivaa beji hiyo siku nne mfululizo.

Saa tatu usiku: tundu

Hapa ndipo tulipovuja. Giza likiingia, mikokoteni ya vitu vya kumetameta hutokea kabla ya fataki, na mtoto aliye begani anaviona kabla yako. Wakubwa wawili wa watoto walikuwa na kadi. Mdogo hakuwa na kadi, kwa kuwa tulidhani hana matakwa. Saa tano ilikuwa na maandazi, saa tisa ilikuwa na aiskrimu, saa tatu usiku haikuwa na kitu isipokuwa mimi. Dola 41. Kifimbo cha namna hiyo kikinunuliwa dukani mapema na kufichwa kwenye begi kingetosha.

Hesabu ya mwisho, kwa dola, makadirio kwanza kisha matumizi:

Vyakula vya dukani: 180, 171.
Milo ya kaunta: 256, 243.
Vitafunwa: 128, 139.
Mlo wa kukaa: 260, 349.
Kadi za watoto: 100, 95.
Zawadi za Tanga: 150, 138.
Akiba: 126, ikabeba kifimbo cha 41 na mapengo mengine.
Jumla: 1,200, 1,176.

Zilibaki dola 24, na mtu akitazama jumla tu atasema tumefaulu. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hata daftari la jumla huficha habari. Mafungu yaliyoamuliwa mapema, kwa saa yake na kwa mtu wake, yalikaa ndani ya mstari au yakazidi kidogo. Mawili yaliyonitoka, lile bafe na kile kifimbo, ni yale niliyoyaacha yaamuliwe na mahali penyewe.

Siku ya kurudi tulisimama kituo cha mafuta kaskazini mwa Florida. Watoto waliteremka kunyoosha miguu, na taratibu wakawa wanaelekea kwenye mlango wa kioo wa duka. Nikatazama saa: saa tano kasoro dakika tano. Nyuma yangu nikasikia mfuniko wa plastiki ukifunguka.

"Njooni," mama aliwaita, kopo likiwa mapajani. "Basi linaondoka."